Mwamba moto, mwamba mashapo au mwamba geu: namna ya kuamua jiwe ni la kundi lipi

Elimu ya miamba huanza na makundi matatu. Miamba moto hutokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapopoa na kuganda ama chini ya ardhi ama juu yake. Miamba mashapo hutokana na chembechembe, mabaki ya viumbe au chumvi zilizoyeyuka majini, ambazo hutua, hufunikwa na hatimaye hushikamana. Miamba geu ni miamba ya aina yoyote iliyobadilishwa na joto na mgandamizo ikiwa bado yabisi. Maelezo haya hukaririwa kwa urahisi, lakini yanaeleza jambo lililokwisha kutokea, mara nyingi mamilioni ya miaka iliyopita, ilhali anayetaka kulitambua jiwe ameshika matokeo tu. Kwa hiyo ulinganisho wenye manufaa ni ule unaoanzia kwenye kinachoonekana na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo, na katika kazi hiyo naitanguliza sifa moja mbele ya nyingine zote: namna chembe za jiwe zilivyoshikana.

Wengi huanza na rangi, na hapo ndipo hupotea. Jiwe jeusi laweza kuwa basalti iliyomwagwa na volkano, mwamba wa tope uliohifadhi mabaki ya viumbe vya baharini, sleti iliyotokana na tope hilohilo baada ya kubanwa, au obsidiani ambayo ni kioo cha asili. Kiasi kidogo cha oksaidi ya chuma chatosha kulitia jiwe zima wekundu, liwe la kundi lolote. Ugumu nao ni sifa ya madini kabla ya kuwa sifa ya mwamba. Kwatsi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10 alichokitoa Friedrich Mohs mwaka 1812, itakwaruza kioo vilevile ikiwa ndani ya graniti, ndani ya jiwe la mchanga au ndani ya kwatsaiti, na miamba hiyo mitatu ni ya makundi matatu tofauti: moto, mashapo na geu. Rangi na ugumu vina kazi yake, ila kazi hiyo huja baada ya kundi kujulikana, pale tunapotafuta jina la mwamba wenyewe.

Mshikamano wa chembe

Vunja jiwe ili upate uso mpya, kwa maana uso wa nje uliopigwa na jua na mvua kwa muda mrefu huficha mengi, kisha ulitazame kwa lenzi inayokuza mara kumi. Katika mwamba moto kama graniti, utaona fuwele zilizokua zikigombea nafasi ndani ya kiowevu kimoja. Ukingo wa fuwele ya felispa unafuata kabisa ukingo wa kwatsi iliyo jirani, na ulanga mweusi umebanwa katikati yao kwa vijibamba vinavyometameta unapoligeuza jiwe. Hakuna pengo kati ya fuwele, wala hakuna kitu cha tatu kinachoziunganisha; zimeingiliana, na hilo pekee ndilo linalozishika. Fuwele hizo zimeelekea huku na huko bila utaratibu, kwa sababu hapakuwa na upande mmoja uliozibana zaidi ya mwingine.

Katika jiwe la mchanga hali ni nyingine. Kila chembe imekuja ikiwa imekamilika, imevingirishwa na maji au upepo hadi kona zake zikapungua, na imegusana na jirani yake kwenye ncha chache tu. Nafasi iliyobaki kati yao imejazwa saruji ya asili, ambayo kwa kawaida ni kalisaiti (madini ya chokaa), silika (muungano wa silikoni na oksijeni, kama ulio katika kwatsi) au oksaidi ya chuma, na mara nyingi haikujazwa yote. Tone la maji likidondoshwa juu ya jiwe kama hilo huweza kunywewa, na ukisugua kwa kidole baadhi ya chembe hung'oka. Sababu hiyohiyo ndiyo inayoyafanya mawe ya mchanga kuwa hifadhi nzuri ya maji na mafuta chini ya ardhi, jambo ambalo graniti isiyo na nyufa haiwezi.

Mwamba geu hufanana na mwamba moto kwa kuwa fuwele zake zimeingiliana, na ndiyo maana watu huichanganya miwili hii kuliko yote. Tofauti iko kwenye mwelekeo. Madini yenye umbo la bamba, kama ulanga, yanapokua au kugeuka huku yakibanwa kutoka upande mmoja, hulala yakielekea mkabala na nguvu ile, na mwamba wote ukapata mistari, mikanda au mabamba. Ukiona fuwele zilizoingiliana pasipo mwelekeo, elekea kwenye miamba moto. Ukiona fuwele zilizoingiliana na kulala pamoja, elekea kwenye miamba geu. Ukiona chembe zilizogandishwa kwa saruji, umefika kwenye miamba mashapo.

Kanuni hii ina mipaka ambayo ni lazima isemwe wazi. Marumaru na kwatsaiti ni miamba geu, lakini madini yake hayana umbo la bamba, hivyo kwa kawaida hayaonyeshi mwelekeo wowote hata baada ya kubanwa sana. Chumvi mawe iliyoachwa na maji ya bahari yaliyokauka ni mwamba mashapo, lakini fuwele zake zimeingiliana kwa kuwa zilikua ndani ya maji. Obsidiani nayo haina fuwele za kuonekana kabisa. Kwa mawe haya inabidi kutumia vigezo vya ziada, na vile vya marumaru na kwatsaiti nitavieleza mahali pake.

Ndani ya miamba moto: kasi ya kupoa dhidi ya kemia

Baada ya kukubali kwamba jiwe ni mwamba moto, kuna maswali mawili yasiyotegemeana. La kwanza ni ukubwa wa fuwele, unaotuambia magma ilipoa kwa kasi gani. Magma iliyoganda kilomita kadhaa chini ya ardhi hupoa kwa maelfu hata mamilioni ya miaka, na fuwele zake hukua hadi kuonekana kwa macho; lava iliyotoka nje hupoa kwa siku au miaka michache, na fuwele zake hubaki ndogo mno. La pili ni kemia, na hasa kiasi cha silika. Miamba yenye silika zaidi ya asilimia 63 kwa uzito huwekwa upande mmoja, ile ya asilimia 52 hadi 63 ni ya kati, ya asilimia 45 hadi 52 ni ile yenye chuma na magnesi kwa wingi, na iliyo chini ya 45 ni ile ambayo mara nyingi hutokana na tabaka la chini ya ganda la dunia.

Maswali haya mawili yakikutanishwa, miamba mikuu hujipanga kwa jozi. Graniti na riolaiti zina kemia moja, ila graniti ilipoa chini polepole na riolaiti ilipoa juu haraka. Gabro na basalti ni jozi nyingine ya namna hiyo, yenye silika kidogo na rangi nzito. Silika ndiyo inayoamua pia namna lava inavyokwenda: lava ya basalti hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,000 hadi 1,200 za selsiasi na hutiririka kwa wepesi, ilhali ile ya riolaiti ni nzito, hukwama, huhifadhi gesi na mara nyingi hulipuka. Pumisi, jiwe lililojaa matundu hata likaelea majini, ni povu la magma ya aina hiyo lililoganda kabla gesi haijamaliza kutoka.

Kuna jiwe moja la moto ambalo humchanganya anayeanza, nalo ni lile lenye fuwele kubwa zilizotawanyika ndani ya unga mlaini wa fuwele zisizoonekana. Halina mgongano wowote wa historia. Magma ilianza kupoa polepole chini, fuwele chache zikakua, kisha ikapanda na kumaliza kuganda kwa haraka. Anayeligawa kwa kutazama fuwele kubwa peke yake atadhani ni mwamba wa chini. Unga unaozizunguka ndio unaosema mwamba uliganda wapi.

Je, uchague jina la kutazama au jina la kemia? Kwa miamba yenye fuwele za kuonekana, ningechagua daima kuhesabu madini. Utaratibu uliojengwa na Albert Streckeisen na kukubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia hufanya hivyo: mwamba huitwa graniti pale kwatsi inapokuwa asilimia 20 hadi 60 ya jumla ya kwatsi na felispa, na aina za felispa nazo zikawa katika uwiano uliowekwa. Kwa lava zenye fuwele ndogo mno au kioo kitupu, kuhesabu haiwezekani, na hapo uchambuzi wa maabara unaolinganisha silika na jumla ya sodiamu na potasiamu ndio njia ya kuaminika.

Kipimo cha silika chenyewe hakitoshi kila mahali. Ol Doinyo Lengai, volkano iliyoko kaskazini mwa Tanzania, hutoa lava ambayo karibu haina silika kabisa. Imejaa kaboneti za sodiamu na kalisi, hutiririka kwa joto la takribani nyuzi 500 hadi 600 tu, hutoka ikiwa nyeusi, na baada ya muda mfupi hugeuka nyeupe kwa kuathiriwa na unyevu wa hewa. Mtu akilipeleka jiwe lake lililopauka mbali na mlima na kulipima kwa asidi, lingetoa mapovu kama chokaa. Ni mwamba moto bila shaka yoyote, kwa kuwa uliganda kutoka kwenye kiowevu cha moto, na ni mfano mzuri wa kwa nini chanzo ndicho kinachoweka kundi na kemia hufuata.

Pale jiwe peke yake lisipotosha

Mwishoni mwa karne ya 18, wanazuoni wa Ulaya walibishana vikali juu ya graniti na basalti. Abraham Gottlob Werner, aliyefundisha huko Freiberg, Ujerumani, alishikilia kwamba miamba hiyo ilitua kutoka kwenye maji ya bahari ya kale. James Hutton wa Uskoti alishikilia kwamba ilitokana na joto la ndani ya dunia. Mwaka 1785, katika bonde la Glen Tilt, Hutton aliona mishipa ya graniti nyekundu ikiwa imepenya na kuikata miamba mingine iliyoizunguka. Kilichopenya lazima kilikuwa kiowevu, na lazima kilikuja baada ya kile kilichopenywa. Rafiki yake, James Hall, baadaye aliyeyusha basalti kwenye tanuri akaonyesha kwamba ikipozwa haraka huwa kioo, na ikipozwa polepole hurudi kuwa jiwe lenye fuwele.

Naikumbusha historia hii kwa sababu ina somo la vitendo. Hakuna kati yao aliyeweza kumaliza ubishi kwa kipande cha mkononi. Anayetaka kuamua sawasawa atazame pia jiwe limetoka katika hali gani: je, mwamba ule unakata matabaka au umelala sambamba nayo? Je, mwamba wa jirani umeungua kwenye mpaka? Je, kuna visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa mwambani, karibu? Kipande kilichookotwa mtoni kimepoteza ushahidi huu wote, na si haki kukidai jibu la uhakika kama lile la mwamba uliotazamwa ulipokaa.

Ndani ya miamba mashapo

Miamba mashapo hufunika takribani robo tatu ya uso wa nchi kavu, ingawa ni sehemu ndogo ya ganda zima la dunia. Hugawanywa kwanza kwa chanzo cha mashapo. Yale ya vipande hupangwa kwa ukubwa wa chembe, kwa kipimo alichokichapisha Chester Wentworth mwaka 1922: mchanga ni chembe za milimita 0.0625 hadi 2, zilizo kubwa zaidi ni changarawe na kokoto, na zilizo ndogo zaidi ni tope. Miamba ya tope ni zaidi ya nusu ya miamba mashapo yote, lakini huonekana kwa shida kwa kuwa ni laini na huliwa haraka na mmomonyoko.

Umbo la vipande nalo huamua. Mwamba wa kokoto za mviringo huitwa konglomerati, na mwamba wa vipande vyenye kona kali huitwa breksia. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwani kokoto haiviringiki bila kusafiri, na kona kali haziishi katika safari ndefu. Breksia imeporomoka karibu na ilipovunjikia. Konglomerati imeletwa na mto au mawimbi.

Kwa mawe ya chokaa, ambayo mengi ni mabaki ya makombe na viumbe vidogo vya baharini, kuna mifumo miwili inayoshindana. Ule wa Robert Folk, wa mwaka 1959, huuliza kuna chembe za aina gani na kilichojaza nafasi kati yao ni tope au kalisaiti safi. Ule wa Robert Dunham, wa mwaka 1962, huuliza swali jepesi zaidi: je, chembe zimegusana na kubebana, au zinaelea ndani ya tope? Kwa kazi ya uwandani ningechagua wa Dunham bila kusita, maana lenzi ya mkono inatosha kuujibu, na jibu lake linaeleza moja kwa moja kama maji ya mahali pale yalikuwa na nguvu ya kufagia tope au yalikuwa yametulia. Wa Folk hufaa zaidi kwenye hadubini.

Jozi nne zinazochanganywa

Miamba geu hueleweka vyema ikilinganishwa na miamba iliyoizaa. Mwamba wa tope ukibanwa na kupashwa joto huwa sleti, kisha filaiti, kisha shisti, na hatimaye naisi, kila hatua ikiwa na fuwele kubwa kuliko iliyotangulia. Sleti ya mwanzo huweza kufanana sana na mwamba wa tope. Zigonge zote mbili kwa nyundo: sleti hulia kwa mlio mkali, mwamba wa tope hutoa sauti nzito iliyokufa. Sleti hupasuka kwa mabamba mapana yaliyonyooka, na mpasuko huo unaweza kukata matabaka ya asili kwa pembe, jambo ambalo haliwezekani kwenye mwamba wa tope kwa kuwa wenyewe hupasuka kufuata tabaka lake.

Graniti na naisi zina madini yaleyale. Katika naisi madini meupe na meusi yamejitenga kwa mikanda, ilhali katika graniti yamechanganyika. Zungusha kipande na ukitazame pande zote tatu kabla ya kuamua, kwani naisi ikitazamwa kutoka juu ya mkanda wake huonekana kama graniti kamili.

Jiwe la mchanga na kwatsaiti hutenganishwa kwa jinsi zinavyovunjika, na hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa usafi wake. Jiwe la mchanga huvunjika kuzunguka chembe, kupitia kwenye saruji, hivyo uso wake huwa na mikwaruzo na kila chembe huonekana imesimama. Kwatsaiti imeungana kiasi kwamba mpasuko hukata katikati ya chembe zenyewe, na uso wake huwa laini wenye mng'ao wa mafuta. Jiwe la mchanga lililoshikwa kwa silika nyingi huukaribia uso huo, na hapo hujibiwa kwa hadubini tu.

Jiwe la chokaa na marumaru yote hutoa mapovu yakidondoshewa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, na yote hukwaruzwa kwa kisu, kwa hiyo vipimo hivyo havitenganishi jozi hii. Tazama badala yake visukuku na mng'ao. Chokaa huhifadhi makombe na ina uso usiong'aa. Marumaru imeumbika upya kuwa fuwele za kalisaiti zinazometa kama sukari, na visukuku vyake kwa kawaida vimefutika. Anayenunua mawe ya ujenzi ajue pia kwamba wauzaji huita marumaru karibu chokaa yoyote inayokubali kung'arishwa, na huita graniti hata gabro nyeusi. Kwa sakafu au meza itakayomwagikiwa siki na ndimu, jina halisaidii. Tone la asidi kwenye kona iliyofichika litasema kama jiwe litaliwa au la.

Kiwango cha mabadiliko husomwa kwa madini yaliyozaliwa. Mwanajiolojia George Barrow, alipochora ramani ya nyanda za juu za Uskoti na kuchapisha kazi yake mwaka 1893, alionyesha kwamba madini fulani hujitokeza kwa zamu kadiri joto lilivyoongezeka, na garneti huja baada ya ulanga mweusi. Ukiona shisti yenye vidonge vyekundu vya garneti, mwamba huo ulifika mbali kuliko wenye ulanga pekee.

Miamba ya mpakani

Tufu, inayotokana na jivu la volkano, huzaliwa na moto lakini hutua tabaka kwa tabaka kama mashapo. Mwongozo wa kimataifa huiweka upande wa volkano ikiwa angalau asilimia 75 ya vipande vyake vilirushwa na mlipuko. Ikiwa ni asilimia 25 hadi 75 huitwa tufaiti, na chini ya hapo ni mwamba mashapo wa kawaida. Naona uamuzi huu ni wa haki, kwa kuwa unahesabu kitu kinachoonekana.

Migmataiti ni ngumu zaidi. Huo ni mwamba geu uliopashwa joto hadi sehemu yake ikaanza kuyeyuka na kuganda tena palepale, ukawa na mikanda myeupe ya mwamba moto ndani ya mikanda myeusi ya mwamba geu. Kipande kidogo kikikatwa kwenye mkanda mweupe kitapimwa na kuitwa graniti kwa haki kabisa, na kile cha sentimita chache pembeni kitaitwa naisi kwa haki ileile. Jina migmataiti hutolewa kwa mwamba wote kwa pamoja, na kwa hiyo huamuliwa penye ukuta wa mwamba wenyewe, kabla nyundo haijatenganisha sehemu hizo mbili.